Kuvua kwa Kuachia: Huruma au Mchezo?

Mvuvi anapokokota mtumbwi wake mchangani alfajiri, watu wetu humwuliza swali moja: "Umepata?" Ni swali fupi, lakini limebeba mambo mengi. Mwulizaji anataka kujua kama nyumbani kwa mvuvi huyo kutakuwa na kitoweo, kama ipo ziada ya kupeleka mnadani, na kama jirani asiye na kitu ataweza kupita jioni na bakuli lake. Hatujapata kumsikia mvuvi wa Mafia, wa Ujiji au wa Ukerewe akijibu, "Nimepata, lakini wote nimewarudisha majini, kwa kuwa nilikuwa nikicheza." Angejibu hivyo, wazee wangemtazama machoni ili wajue kama ni mzima.

Hata hivyo, duniani leo wako watu wengi, nao ni watu wenye elimu na mali, ambao jibu hilo hulitoa kwa fahari. Uvuvi wao ni wa kuvua na kuachia. Mtu hufunga safari ya maelfu ya maili, hukodi mashua yenye injini mbili pamoja na vijana wa kumtumikia, hutupa ndoana, humnasa samaki mkubwa, hupambana naye nusu saa au zaidi mpaka samaki anaishiwa nguvu, kisha humvuta ubavuni mwa mashua, hupiga naye picha, humchomoa ndoana na kumwacha aende zake. Jioni hukaa barazani na wenzake akawasimulia ushindi wake. Tena hujiita mlinzi wa bahari, kwa kuwa hakuua.

Jambo hili haliko mbali nasi. Katika pwani ya Kenya, huko Malindi, Watamu na Shimoni, sulisuli na nduwaro huvuliwa kwa namna hiyo nyakati za kaskazi, bahari inapotulia. Katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua wageni huvua trauti, samaki ambaye si wa mito hiyo hata kidogo. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 ili walowezi wapate mchezo waliouzoea kwao. Na hapa kwetu Tanzania, mito ya Mnyera na Ruhudji, ambayo huungana kuufanya mto Kilombero, imepata sifa miongoni mwa wavuvi wa michezo wa nchi za nje kwa ajili ya samaki mmoja mkali mwenye meno yaliyochomoza nje ya kinywa. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1986, wakamwita Hydrocynus tanzaniae. Jina la nchi yetu limo ndani ya jina lake. Samaki huyo hunaswa, hupigwa picha, huachiwa. Basi mwalimu anayefundisha uhifadhi wa maliasili hawezi kushangaa siku mwanafunzi atakaponyoosha mkono na kuuliza: je, huo ndio uhifadhi tunaofundishwa?

Kabla hatujajibu, tuondoe utata. Hatusemi kwamba kumrudisha samaki majini ni kosa. Mvuvi yeyote mwenye akili humrudisha samaki mchanga, na sheria zetu zinamtaka afanye hivyo. Sangara aliye chini ya sentimita 50, kwa mfano, hana ruhusa ya kufika mnadani. Mvuvi huyo alitaka kitoweo, akapata asichokitaka au asichoruhusiwa, akakirudisha. Kurudisha huko ni kusahihisha kosa la wavu. Tunachokisema sisi ni kitu kingine: kumvua samaki kwa nia ya kumwachia, yaani kumwingiza kiumbe katika mateso ambayo tangu mwanzo hayakukusudiwa yafike popote ila kwenye furaha ya anayemtesa. Tofauti ya mambo hayo mawili imo katika nia. Tukiipoteza tofauti hiyo tutakuwa tumepoteza hoja nzima.

Yafaa tuwatendee haki waliouanzisha uvuvi huu, maana hawakuwa watu wabaya. Huko Marekani, katika karne iliyopita, wavuvi wa michezo waliua samaki kwa magunia, wakawatundika kwenye nguzo ili wapigwe picha, kisha wengi wao wakatupwa. Mito ikaanza kuwa mitupu. Mvuvi mmoja mashuhuri, Lee Wulff, aliandika kitabu mwaka 1939 akashauri kwamba samaki wa mchezo aachiwe ili apate kuvuliwa tena na mwingine. Mwaka 1952 jimbo la Michigan lilianza kuutumia utaratibu huo katika baadhi ya mito yake, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya fedha hasa: kupunguza gharama ya kufuga trauti katika mabwawa na kuwamwaga mitoni kila mwaka kwa ajili ya wachezaji. Tukiyapima hayo kwa mizani ya mahali pale na wakati ule, yalikuwa maendeleo. Aliyekuwa akiua samaki mia kwa ajili ya picha, akaacha kuua, amepunguza ubaya. Lakini kupunguza ubaya hakujawa wema. Mtu aliyezoea kumpiga mkewe kila siku, akaanza kumpiga mara moja kwa juma, hapewi nishani kijijini.

Sasa tuje kwenye hayo madai kwamba samaki aachiwaye huenda zake salama. Je, ni kweli?

Wapo wataalamu waliolichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Bartholomew na Bohnsack, walikusanya matokeo ya uchunguzi 53, wakapata makadirio 274 ya vifo vya samaki walioachiwa. Wastani wake ulikuwa asilimia 18. Kulikuwa na samaki ambao karibu wote walipona, na kulikuwa na wengine ambao karibu wote walikufa. Yote yalitegemea aina ya samaki, kina cha maji, joto, ndoana ilipoingia, na muda aliokaa nje ya maji. Tuufanyie wastani huo hesabu ndogo ya darasani. Mgeni anayejivuna kwamba leo amevua samaki thelathini na hakuua hata mmoja, kwa wastani huo ameua watano. Yeye hakuwaona wakifa. Amekwisha kunawa mikono, yumo barazani, na samaki wake watano wako chini ya mwamba wakiliwa na kaa. Mwanakijiji aliyeleta wanne nyumbani kwa ajili ya watoto wake ameua wachache kuliko mhifadhi huyo, naye walau amewala.

Sababu za vifo hivyo si fumbo. Samaki anapopambana na mshipi, misuli yake hujaa asidi kama ya mwanariadha aliyekimbia kupita uwezo wake. Tofauti ni kwamba mwanariadha alijiandikisha mwenyewe. Akiinuliwa juu, matamvua yake, ambayo ndiyo mapafu yake, hushikamana na hewa haipiti. Huko Kanada, Ferguson na Tufts walichapisha mwaka 1992 matokeo ya kuwachosha trauti na kuwatoa nje ya maji. Waliochoshwa tu bila kutolewa majini walikufa 12 kwa kila mia. Waliochoshwa kisha wakawekwa hewani kwa sekunde 30 walikufa 38. Waliokaa hewani dakika moja walikufa 72. Mwalimu na amwambie mwanafunzi mmoja aangalie saa, na mwingine ajifanye anapiga picha: mshike vizuri, geuka huku, tabasamu, mara ya pili, mpishe na mwenzio naye apige. Ataona jinsi dakika inavyokwisha upesi. Na samaki wa maji marefu, kama changu wa kina kirefu, hupatwa na balaa jingine: anapovutwa juu kwa haraka kibofu chake cha hewa hufura, macho humtoka, na tumbo humjia kinywani. Huyo ukimwachia huelea kama boya, akingoja ndege.

Twakiri kwamba vyombo vinaweza kurekebishwa. Wavuvi wa sulisuli weupe katika Bahari ya Atlantiki walipolinganisha ndoana mbili, ile ya kawaida na ile iliyojikunja kama duara, watafiti waliwafuatilia samaki 40 kwa vyombo vilivyopeleka habari kwenye setilaiti. Wote 20 walionaswa kwa ndoana ya duara walipona; kati ya 20 wa ndoana ya kawaida, 7 walikufa. Ni tofauti kubwa, na anayevua kwa mchezo bila kuijali tofauti hiyo hana haki hata ya kulitamka neno uhifadhi. Lakini hoja yetu haitegemei hesabu ya maiti peke yake. Tuchukulie kwamba siku moja wataalamu watatengeneza ndoana isiyoua hata samaki mmoja. Je, tutakuwa tumemaliza?

La hasha. Hapo ndipo penye kiini.

Tangu zamani mvuvi wa mchezo amejiliwaza kwa kusema kwamba samaki hasikii maumivu. Mwaka 2002 James Rose wa Marekani aliitetea kauli hiyo, akasema ubongo wa samaki hauna ile sehemu ambayo kwa binadamu ndiyo inayotambua maumivu. Mwaka uliofuata, huko Scotland, Lynne Sneddon na wenzake walitoa majibu ya namna nyingine. Walikuta katika uso wa trauti neva zinazotambua vitu vya kudhuru. Kisha wakawachoma trauti wengine sumu ya nyuki au asidi ya siki midomoni. Samaki hao walihema kwa kasi, walikataa chakula kwa saa nyingi, wakayumbayumba chini, na wengine wakaisugua midomo yao kwenye kokoto. Walipopewa dawa ya kutuliza maumivu, mambo hayo yalipungua. Mabishano ya wataalamu hayajesha, nasi hatujifanyi waamuzi wa elimu ya neva. Lakini tunauliza: katika shaka, nani apewe nafuu? Anayeweza kuumia, au anayetaka kucheza? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, walisema wahenga. Nao hawakungoja darubini.

Mambo haya hayasemwi na watu wa Afrika tu, ili mtu asidhani ni wivu wetu dhidi ya wageni. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1972 inayokataza kumtia mnyama maumivu bila sababu ya haki. Chakula huhesabiwa kuwa sababu, burudani peke yake haitoshi, na wavuvi wa kuachia wamejikuta mashakani huko kwa ajili hiyo. Uswisi ilikwenda mbali zaidi: kanuni zake za mwaka 2008 zinakataza waziwazi kuvua kwa nia ya kuachia. Hivyo Mswisi anayepanda ndege kuja kwetu kuvua na kuachia, anakuja kufanya kitendo ambacho kwao ni kosa. Kasumba ya kudhani kwamba kila desturi inayoletwa na mgeni mwenye kamera kubwa ni ustaarabu, hapo inatuumbua.

Lakini kwa nini tuende mpaka Uswisi? Nani kati yetu hakuwahi, alipokuwa mtoto, kumfunga mbawakavu uzi mguuni, akamwacha aruke hata uzi uishe, kisha akamvuta tena? Ni mchezo mtamu. Na nani hakukemewa na mzee aliyepita: "Wewe mtoto, mfungue kiumbe wa watu!" Wengine tulijitetea, "Nitamwachia, babu, sitamwua." Hatukumbuki mzee hata mmoja aliyeupokea utetezi huo. Kwa mzee, kuahidi kumwachia hakukuwa fadhila, bali kulikuwa ungamo: kama hukuwa na haja naye, ulimfungia nini? Kuku alichinjwa mbele yetu kila sikukuu na hatukukemewa kwa kumla. Tulikemewa kwa kumfanya kiumbe mwenye uhai kuwa chombo cha kuchezea. Huo ndio utamaduni tuliolelewa nao. Leo mtu mzima aliyemfunga sulisuli uzi wa mita mia tatu anasimama mbele yetu na utetezi uleule wa mtoto, nasi tunampigia makofi na kumwandikia risiti.

Hapa msomaji wa Pemba atatukatiza, na ana haki. Atasema: sisi huku tuna mchezo wa ng'ombe, ambao husemwa tumeurithi tangu enzi za Wareno, fahali hufungwa kamba, huchokozwa kwa nguo na zumari, vijana huonyesha ushujaa wao, kina mama huimba, na jioni fahali hurudi zizini mzima. Je, huo si mchezo wa kuachia? Hatutaki kulikwepa swali hilo kwa kusema kwamba chetu ni utamaduni na chao ni uovu. Hoja ya namna hiyo ni ya mwizi anayelalamika kuibiwa. Tukiulizwa kama fahali anafurahi, tutajibu kwamba hafurahi. Vijana wa Pemba wenyewe wana haki ya kuuliza kama mchezo huo unastahili kuendelea, na kwa masharti gani. Tunaongeza neno moja tu: hatujapata kumsikia Mpemba akidai kwamba mchezo wake unahifadhi ng'ombe. Anajua kwamba anacheza, na anasema kwamba anacheza. Uvuvi wa kuachia unataka raha ya mchezo na heshima ya ulinzi kwa wakati mmoja. Udanganyifu huo ndio tunaopigana nao.

Siku moja tulikuwa kwenye gati dogo la pwani, mahali ambapo hatutapataja, mashua ya wageni iliporudi kutoka bahari kuu. Tulizungumza na kijana wa mashua aliyekuwa akiosha damu sakafuni. Tulimwuliza leo wamepata nini. Alitaja nduwaro watatu. Tukamwuliza wako wapi. "Hao si wa kula, mwalimu," alisema, "hao ni wa picha." Tukamwuliza kama walipokwenda zao walikuwa wazima. Alicheka kidogo akatazama nyuma kama kuona nani anasikia. Akasema kwamba wawili walizama vizuri, lakini wa tatu aligeuka tumbo juu nyuma ya mashua, mgeni akiwa amekwisha kugeuka kutazama picha. Nahodha akaongeza mwendo. Kijana huyo alikuwa na watoto wawili. Mshahara wake ulitoka kwa mgeni yule na wenziwe, nasi hatukuwa na jambo la kumpa badala yake. Twalisema hili ili isidhaniwe kwamba hatujui uzito wa hoja ya fedha.

Maana hoja ya fedha ipo, na ina nguvu. Watetezi husema: samaki mmoja sokoni huuzwa mara moja, lakini samaki aachiwaye huuzwa mara nyingi, leseni hulipwa, vijana huajiriwa, na palipo na wageni kuna jicho linaloutazama mto, hivyo wenye sumu na baruti huogopa. Hawa hawasemi uongo. Na huko Watamu shirika la African Billfish Foundation limekuwa likiwafunga samaki vitambulisho kabla ya kuwaachia, na elimu kuhusu njia za samaki wakubwa wa Bahari ya Hindi imepatikana kwa njia hiyo. Elimu ni haja ya kweli, kama kitoweo kilivyo haja ya kweli. Anayemvua samaki mmoja ili tujue wote wanakokwenda hatumweki fungu moja na anayemvua ili ahesabiwe na wenzake barazani. Lakini tuwe macho, kwani si kila anayebandika kitambulisho anautafuta ujuzi. Wengine kitambulisho ni kibali cha dhamiri tu.

Kuhusu fedha zenyewe, tukubali zinakuja. Kisha tutazame zinakuja pamoja na nini. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji katika nchi hii. Tangu siku hizo, chini ya Wajerumani na kisha chini ya Waingereza, watu wawili walioingia porini kumwua mnyama yuleyule walipewa majina mawili. Aliyemwua kwa mchezo, akiwa na leseni na bunduki ghali, aliitwa mwindaji. Aliyemwua kwa nyama, akiwa na upinde au mtego, aliitwa jangili. Hatusemi ujangili haupo. Upo, na umetumaliza tembo. Tunasema kwamba mgawanyo ule wa majina haukufuata madhara, ulifuata cheo. Sasa mgawanyo huohuo unashuka majini. Mwenye fimbo ya kuvulia na gurudumu la kukunjia mshipi anaitwa mhifadhi, hata kama watano wake wamekufa chini ya mwamba. Mwenye kimia au dema, aliyechukua wanne wa kula, anatazamwa kama mharibifu, na siku mto unapogeuzwa kuwa mahali pa mchezo, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ahame. Kijana akisoma katika nchi ambamo kula ni uharibifu na kuchezea ni uhifadhi, atakua akimdharau baba yake.

Wala isisahauliwe mchezo huu umekwisha kutugharimu nini. Sangara aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, kule Jinja mwaka 1954, baada ya ubishi mrefu baina ya maofisa wa kikoloni. Wataalamu wa utafiti walionya. Miongoni mwa waliomtaka walikuwapo waliotamani samaki mkubwa wa kuvuliwa kwa mchezo, ingawa sababu ya chakula na biashara nayo ilitajwa. Furu wa ziwa lile walikuwa wa aina mamia. Wanakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zimetoweka. Sangara ameleta viwanda na fedha za kigeni, na wakati minofu yake ikipanda ndege kwenda Ulaya, wengi wa Mwanza walijifunza kununua mapanki. Hatudai kwamba fimbo ya kuvulia peke yake ndiyo iliyofanya hayo yote. Tunadai kwamba ziwa lilipoanza kutazamwa kama uwanja wa watu wachache, waliolitegemea kwa kitoweo hawakuulizwa.

Na sisi je? Ingekuwa aibu kuyaandika haya bila kujitazama. Miamba ya pwani yetu imebeba makovu ya baruti, na waliolipua walikuwa wana wa nchi. Makokoro yenye macho madogo yamezoa samaki wachanga katika maziwa yetu yote. Wako waliotia sumu mitoni, wakala, wakauza. Hao hawawezi kujificha nyuma ya neno kitoweo. Nyumba haina haja ya kitoweo kinachomaliza kitoweo. Tena, wakati wa kuwavua samaki, hata mvuvi wetu mwema humwacha samaki afe polepole katika ndoo, akihema, ambapo pigo moja la rungu lingemaliza taabu. Hilo tungeweza kulibadilisha kesho asubuhi bila sheria yoyote, na mwalimu wa kijiji cha wavuvi anaweza kulianza kwa kuwaambia watoto tu.

Lakini anayeitafuta desturi ya kujizuia asiende kuikopa kwa mchezaji, kwani ya kwetu ipo na ni ngumu zaidi. Tarehe 15 Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, mpaka tarehe 15 Agosti. Kwa miezi mitatu wavuvi wa Kigoma, Katavi na Rukwa walivuta vyombo vyao nchi kavu ili migebuka na dagaa wazaliane. Walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana karo za shule hazikufungwa pamoja na ziwa. Hapakuwa na picha za ushindi. Huko ndiko tunakokuita kuachia: samaki ameachwa asivuliwe, na mwenye kuacha amepoteza kitu. Mchezaji anayemrudisha nduwaro amepoteza nini? Alichokitaka kilikuwa ni kule kupambana, na amekwisha kukipata chote kabla hajachomoa ndoana.

Vijiji kadhaa vya mwambao na visiwani vimekuwa vikifanya jambo la namna hiyo bila kusubiri mikataba ya mataifa. Kizimkazi, Kisiwa Panza, Songosongo na kwingineko wameufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu hivi, kwa kuwa pweza hukua upesi mno na akiachwa kidogo tu uzito wake huongezeka sana. Kamati ya kijiji hulinda, na anayevunja hutozwa. Watafiti wakija hupewa kazi ya kupima mizani. Siku ya kufungua hungojwa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Kina mama hushuka mwambani na vijiti vyao tangu asubuhi, watoto nyuma yao na vikapu, na wanunuzi wamekwisha kusimama ufukoni. Pweza akitolewa shimoni huuawa papo hapo. Hakuna anayepiga naye picha, na hakuna anayemrudisha, isipokuwa yule ambaye bado ni mdogo.